Uzoefu wangu na darasa la kunyanyua vyuma kwa mtindo wa Olimpiki

Kama unatafuta mahali pa kukufanya ubebe kilo nyingi haraka, darasa hili halitakufaa. Mimi limenifaa sana, hasa kwa namna kocha anavyofundisha snachi: anaanzia juu, anashuka chini.

Mashindanoni snachi ni kukitoa chuma sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Hapa tulianza na fimbo ya mbao, tena ikiwa tayari iko juu: mshiko mpana, viwiko vimenyooka, unachuchumaa mpaka chini na kutulia hukohuko. Ukishamudu hilo ndipo unafundishwa kuvuta kutoka nyongani, baadaye juu ya magoti, na sakafuni mwisho kabisa. Nakubaliana na mpangilio huu kwa asilimia mia. Kazi kubwa ya snachi ni kuingia chini ya chuma, na anayeogopa kuingia chini yake atabaki anavuta kwa mikono tu.

Mshiko nao ulipewa muda wake. Dole gumba linazunguka chuma kwanza, vidole vinavyofuata vinalifunika. Mwanzoni linauma kwelikweli, na kocha alitueleza hivyo mapema, jambo nililolipenda.

Kilichonishawishi zaidi ni jinsi anavyosahihisha. Mwenzangu mmoja alikuwa akivuta, chuma kinamkimbia mbele. Kocha akakipaka chaki katikati, akamwambia anyanyue tena, halafu akamwonyesha alama nyeupe kwenye kaptura: iko katikati ya paja, wakati kwenye snachi chuma kinatakiwa kiguse kwenye mkunjo wa nyonga. "Subiri," akamwambia, basi. Neno hilo moja. Mara iliyofuata alama ikapanda, na chuma kikapita karibu na kifua. Nimewahi kufundishwa na watu wanaomwaga maelekezo kumi kwa pumzi moja. Mwili haushiki hata moja.

Vifaa viko vizuri. Wanawake wana chuma chao cha kilo 15 chenye unene wa milimita 25, wanaume cha kilo 20 chenye milimita 28. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mwenye kiganja kidogo ndiyo inayoamua kama dole gumba litafungika au la. Pia kuna pleti nyepesi (sahani za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma) zenye kipenyo kamili cha sentimita 45, kwa hiyo hata anayeanza anakikuta chuma sakafuni kwenye kimo kilekile cha mashindano. Na kabla ya kuongezewa uzito tulifundishwa kuuachia: mbele au nyuma, wewe ukitoka upande wa pili.

Tatizo langu ni jeki, yaani kukirusha chuma kutoka mabegani mpaka juu ya kichwa kwa nguvu ya miguu. Inafundishwa mwishoni mwa kipindi, miguu imeshachoka, na inaonekana. Watu wanainama kifua wanapokunja magoti, visigino vinanyanyuka mapema, kisha wanamalizia kwa kusukuma na mabega. Mnyanyuo wa kusukuma kwa mikono uliondolewa mashindanoni baada ya Olimpiki ya Munich 1972, na kwenye jeki kumalizia kwa kusukuma ni kosa linalokunyima mnyanyuo. Ukizingatia kwamba mshindi hupatikana kwa jumla ya snachi na klini-na-jeki (kukipandisha chuma mabegani kwanza, kisha jeki), na kwamba klini-na-jeki ndiyo hubeba kilo nyingi zaidi, haistahili kupewa dakika za mabaki.

Ningemshauri ajiunge yeyote anayeanza, na hata aliyezoea jimu ila hajawahi kuchuchumaa na chuma juu ya kichwa. Kuhusu jeki, nimemwomba kocha aiweke mwanzoni walau siku moja kwa wiki. Amekubali kujaribu awamu ijayo, nami nimeshajiandikisha.