Waya wa Kuku Unazuia Kuku, Hauzuii Kicheche: Nimejaribu Aina Mbili

Mbukwenyi wafugaji wenzangu! Leo niko uani kwangu, Ihumwa, na upepo wa Dodoma mnausikia wenyewe. Mkiona napayuka mjue si hasira.

Nina waya aina mbili hapa. Huu tunaujua wote, wa matundu ya pembe sita, mwepesi, unaukunja kama mkeka. Huu mwingine ni wa miraba, kila makutano yamechomelewa, tundu lake nusu inchi.

Nianze na wa pembe sita maana nina ugomvi nao. Kuzuia kuku wasitoke, sina neno, kazi inafanyika. Ila asubuhi moja naamka nakuta mitetea watatu wamelala kando ya waya, hawana vichwa! Mlango umefungwa, kufuli iko palepale. Kumbe kuku akilala ameegemea waya, mnyama anapitisha mkono tunduni, anavuta kichwa, anakula kinachotoka. Sogeza kamera hapa, dogo. Mnaona? Vidole vyangu viwili vinapita vizuri tu. Halafu waya wenyewe umesokotwa. Uzi mmoja ukiliwa na kutu, unafumuka kama sweta. Tundu lile pale jirani anasema ni nyegere. Mimi nasema ni mbwa wake.

Haya, wa miraba. Navuta... haulegei. Kidole cha mwisho kinagomea kwenye ukucha. Mkienda dukani msichanganywe na geji: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Mimi nilichukua 19.

Ubaya wake ni bei. Nimelipa zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, ndiyo maana sikuzungushia banda zima. Futi tatu za chini ni miraba, juu nimeacha wa zamani, na kichanja cha kulalia nimekisogeza katikati. Kanu bado ananitia wasiwasi, yule anapanda kama paka.

Sasa tazameni chini, hapa ndipo penye mchezo wote. Waya haukuishia kwenye ardhi. Nimeukunja kwa nje, futi moja na nusu, nikaulaza na kuufukia kidogo. Mchimbaji huanzia palepale ukuta unapogusa ardhi. Anakwangua, anakutana na waya, anahamia hatua mbili pembeni, anakutana nao tena. Wazo la kurudi nyuma halimjii. Alama za kucha hizo hapo, za juzi usiku, sehemu nne. Na harufu aliyotuachia! Kicheche akikasirika, mke wangu anataka tuhame.

Juu nimetandaza wavu wa zamani wa kuvulia samaki, kwa ajili ya mwewe. Vifaranga wanapona. Nguchiro ndiye anakuja mchana kweupe, lakini nusu inchi haimpitishi.

Kama mfuko hauruhusu, zungushia matawi ya mgunga chini, miiba ikitazama nje, kama wazee wanavyozungushia mazizi. Ni bure, ila mchwa nao wanayapenda, utabadilisha kila mara.

Kwenye nguzo pigeni misumari ya U, msifunge kwa kamba za katani. Na pimeni banda kwa futi kabla hamjaenda dukani. Mimi nilipima kwa hatua zangu hizi ndefu, waya ukapelea. Kona ile nimeziba kwa bati.