Vifungo vya saspenda: vya pini, vya kugonga au vya kushonwa na fundi?

Saspenda, yaani kanda za mabegani zinazoshikilia suruali, zikiwa na ncha za ngozi hazivaliki mpaka suruali iwe na vifungo sita kiunoni, vinne mbele na viwili nyuma. Suruali nyingi za dukani na za mitumba hazina hata kimoja. Njia za kuviweka ni tatu: vifungo vya pini visivyohitaji sindano, vifungo vya chuma vya kugonga kama vya jinzi, na vifungo vya kawaida vinavyoshonwa kwa mkono. Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: peleka suruali kwa fundi, ila usimwachie aamue peke yake mahali pa kuviweka wala namna ya kuvishona. Vya pini ni vya siku moja. Vya kugonga ni vya jinzi tu.

Wengi watauliza kwa nini wasitumie klipu, ambazo hazitaki kifungo chochote. Klipu hushika kitambaa kwa meno. Pindo la kiuno likiwa nene klipu haifungi sawasawa, likiwa jembamba meno yanalitafuna, na suruali nzuri ya sufu inabaki na alama. Kwenye harusi ndiko zinakoumbua watu zaidi: bwana harusi na wapambe wake wanaanza kucheza, wanainama na kunyanyua mikono, klipu ya nyuma inafyatuka na ukanda unarukia shingoni. Ngozi iliyovishwa kwenye kifungo kilichoshonwa vizuri haifyatuki. Ndiyo sababu watengenezaji wa zamani kama Albert Thurston wa London, walioanza kazi hii mwaka 1820, bado wanauza saspenda za ncha za ngozi hadi leo.

Vifungo vya pini

Hivi vina vipande viwili: kichwa, na kitako chenye pini moja au mbili. Unatoboa pindo kwa pini, unakaza kichwa upande wa pili, kazi imekwisha. Mara nyingi huagizwa mtandaoni, na vingi vimetengenezwa kwa ajili ya kubana kiuno cha jinzi iliyolegea, si kwa ajili ya saspenda. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Kwanza, vinafaa kuwekwa nje ya suruali tu. Ukigeuza kichwa kiwe ndani, kitako cha chuma kinaonekana nje kiunoni na suruali inaharibika sura. Pili, saspenda huvuta kwenda juu muda wote, na kila unapoketi na kusimama mvuto huo unaongezeka kisha unapungua. Pini moja inalala, inazunguka, inapanua tundu. Ukilazimika kununua, chukua vya pini mbili. Tatu, kitako kinagusana na shati, na jasho likikutana na chuma duni matokeo ni kutu kwenye shati jeupe. Vifungo hivi vitolewe kila suruali inapofuliwa.

Mahali pake pa haki ni suti ya kukodi, ambayo mwenyewe hataki ishonwe kitu. Hata hapo muulize kwanza. Kwenye sufu tundu la pini hufifia ukilipitishia mvuke wa pasi, lakini kwenye poliesta nyembamba nyuzi zilizokatika hazirudi, na kitundu kinabaki palepale.

Vifungo vya kugonga

Ni kifungo cha chuma na msumari wake mfupi, vinavyounganishwa kwa nyundo juu ya kitu kigumu. Kwenye jinzi na kaki nzito vinafanya kazi nzuri sana, kwa sababu pindo lina tabaka kadhaa za kitambaa kigumu na msumari unapata cha kushika. Toboa kwanza kwa kitu chenye ncha ili usikate nyuzi ovyo, kisha gonga mara mbili au tatu kwa uzito. Ukigonga vipigo vingi vyepesi msumari unapinda na kifungo kinakaa upande.

Kwenye suruali ya suti usijaribu. Kitambaa ni chembamba mno, kwa hiyo kifungo kinabaki kikizunguka na shingo yake inakata nyuzi kidogo kidogo. Na uamuzi huu haurudishwi nyuma: ukiking'oa, umebaki na tundu.

Vifungo vya kushona

Vifungo vyenyewe ni rahisi kuvipata. Maduka ya vifaa vya ushonaji, Kariakoo kwa Dar es Salaam au Biashara Street kwa Nairobi, yanauza kwa dazeni. Chukua vya upana wa milimita 17, vyenye matundu manne na uso bapa. Vya milimita 15 vinachomoka kwenye ngozi ikishalainika, vya 20 havipiti kabisa kwenye ngozi mpya. Matundu manne yana faida ya wazi: jozi mbili za uzi zinajitegemea, moja ikikatika nyingine inashikilia mpaka ufike nyumbani. Vya plastiki imara au vya pembe vinatosha. Epuka vya chuma vyenye matundu makali, vinakata uzi. Kabla ya kulipa, pitisha kucha kwenye ukingo wa kila tundu. Kucha ikikwama, na uzi utakwama. Nunua vinane, viwili vishonwe ndani ya suruali kama akiba.

Sasa mahali pa kuviweka, ambako ndiko kazi nyingi huharibika.

Kifungo cha kwanza cha mbele kinakaa sawa na mstari wa pasi wa mguu. Cha pili kinakwenda upande wa ubavuni, sentimita 8 hadi 9 kutoka cha kwanza, bila kuvuka mshono wa pembeni. Nyuma, kila kifungo kiwe sentimita 3.5 kutoka mshono wa katikati, yaani 7 baina yao. Vipimo hivi vinafuata upana wa ncha za ngozi, kwa hiyo mpelekee fundi saspenda zenyewe azilaze juu ya suruali kabla ya kuweka alama ya chaki. Vya mbele vikisogea mno kwenye zipu, kanda mbili zinakaribiana kifuani na kuvuta zipu juu. Vikisogea mno ubavuni, kanda zinatanuka na kuteleza mabegani, nawe unashinda siku nzima ukizirudisha.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kupima kutoka ncha ya pindo. Upande mmoja wa suruali nyingi una ulimi unaopita zipu kwa sentimita 3 au 4 ili kufungia kulabu au kifungo. Fundi akipima pande zote mbili kutoka ncha, vifungo vya upande wenye ulimi vinasogea kwenye zipu kwa kiasi hichohicho, na ukivaa ukanda mmoja unakaa karibu na katikati ya kifua kuliko mwingine. Suruali ifungwe zipu na kulabu, ilazwe mezani, ndipo ipimwe kutoka mstari wa katikati.

Ndani au nje? Kwa suruali ya suti, vya mbele viwe ndani. Ngozi inajificha nyuma ya pindo, vitanzi vya mkanda haviingiliani nayo, na suruali ikivaliwa bila saspenda hakuna anayejua kitu. Kitovu cha kifungo kiwe sentimita 1.5 chini ya ukingo wa juu: kikipanda zaidi kinachungulia, kikishuka zaidi ngozi inajikunja. Vya nyuma vina mjadala. Anayekaa sana kwenye gari au kiti cha ofisini atavisikia mgongoni vikiwa ndani, na huyo ni bora viwe nje. Kwa jinzi na kaki, vyote sita viwe nje.

Namna ya kushona ni jambo ambalo mafundi wengi hulichukulia kama kifungo cha shati, na hapo ndipo kinaponyofoka. Uzi uwe wa poliesta, mnene, uliokunjwa mara mbili na kupitishwa kwenye nta ili nyuzi zishikane na zisijifunge njiani. Sindano ipite kwenye bitana na kitambaa kigumu cha kati, isitokee upande wa nje. Unaanza kwa mishono miwili midogo mahali pa alama, kisha unaweka kifungo na kulaza njiti ya kiberiti juu yake, katikati ya matundu. Uzi unapita juu ya njiti, mara nne kwa kila jozi ya matundu. Ukimaliza unachomoa njiti, unavuta kifungo juu, na ule uzi uliolegea unakuwa shingo ya milimita 3 hadi 4. Zungushia uzi kwenye shingo hiyo mara sita kwa kukaza, pitisha sindano katikati yake mara mbili, malizia chini. Kitambaa kikiwa kigumu, subana kidoleni inaokoa ngozi ya kidole na sindano yenyewe.

Shingo hii si mapambo. Ngozi ya saspenda ina unene wa milimita 2 hadi 3, na inahitaji nafasi ya kukaa chini ya kifungo. Kifungo kilichobanwa kwenye kitambaa hakivishiki ngozi, na ukilazimisha unavuta uzi kila siku mpaka unakatika. Cherehani ya kushonea vifungo hufanya kosa hilihili, inakibana kabisa. Ukisikia fundi anasema atavipitisha kwenye mashine ili umalize haraka, mwambie, "Fundi, naomba vya mkono, na kila kimoja kiwe na shingo." Fundi mzoefu ataelewa mara moja. Anayebisha, chukua suruali yako uende kwa mwingine.

Suruali za bei ya chini zina tatizo jingine: kitambaa kigumu cha kati ni chepesi kama karatasi, na kifungo kinanyofoka nacho pamoja na kipande cha bitana. Dawa yake ni kufumua ukingo wa chini wa bitana kama sentimita 5, kuingiza kipande cha kaki cha sentimita 2.5 kwa 2.5 mahali pa kifungo, kushonea juu yake, kisha kurudishia ukingo. Kwa vifungo vya nje, weka kifungo kidogo bapa cha milimita 10 au 11 upande wa ndani na ushone vyote viwili kwa pamoja. Mvuto unagawanyika na kitambaa hakichaniki.

Ukipokea suruali, kagua kabla ya kuondoka. Shika kila kifungo kwa vidole viwili ukivute juu. Kiinuke kidogo kwenye shingo yake bila kusogeza mishono. Geuza upande wa nje na uangalie kwenye mwanga kama kuna nukta za uzi. Vika ncha za ngozi zote sita palepale dukani. Kama ngozi ni mpya na tundu lake ni gumu, kupitisha kifungo mara kadhaa kunalilainisha, usilikate kwa wembe.

Na suruali yenyewe?

Hakuna fundi wala kifungo kitakachosaidia suruali isiyofaa. Saspenda zinaning'iniza suruali kutoka mabegani, kwa hiyo kiuno kinatakiwa kilegee kwa sentimita 2 au 3. Kikibana, saspenda hazina kazi. Pia suruali ipande vya kutosha: pima mbele kutoka mshono wa mapajani hadi ukingo wa juu wa kiuno, na kama hazifiki sentimita 25, kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, achana nayo. Suruali fupi ya kiuno ikivutwa juu inakata katikati ya miguu, na nafasi ya wazi inatokea kati yake na kizibao. Suruali za mitumba za suti za zamani, zenye mikunjo mbele na kiuno kirefu, mara nyingi ndizo zinazofaa kuliko mpya za kubana. Za mpira kiunoni hazifai kabisa, pindo linajikusanya chini ya kila kifungo.

Vitanzi vya mkanda vinaweza kubaki. Kuvitoa kunapendeza, lakini kwenye suruali iliyokwisha kuvaliwa rangi chini ya kitanzi ni nzito kuliko pembeni, na alama inabaki. Ukisisitiza vitolewe, vifumuliwe uzi kwa uzi kwa kifaa cha kufumulia. Wembe ukiteleza hapo unakata pindo lenyewe.

Kwa utaratibu wa kazi, kiuno kipunguzwe au kiachiliwe kwanza, maana mshono wa nyuma ukibadilika vifungo viwili vya nyuma vinahama. Vifungo vifuate. Kupinda chini kuwe kwa mwisho kabisa, ukiwa umevaa saspenda zilizokazwa kwa urefu wako na viatu utakavyotumia. Suruali iliyokuwa imekaa kwenye nyonga kwa mkanda hupanda saspenda zinapoishika, na iliyopindwa kabla ya hapo itaishia juu ya kifundo cha mguu, soksi nje.