Hugo kwa blogu binafsi: inamfaa nani Tanga?

Kwa mtu wa Ngamiani anayenunua bando la siku, uzuri mkubwa wa Hugo, programu inayojenga kurasa za tovuti kutoka maandishi yako, ni kwamba kazi karibu yote inafanyika bila intaneti. Programu ni faili moja. Ukishaipakua pamoja na mandhari (mafaili ya sura ya blogu), unaandika, unawasha `hugo server`, unakagua kwenye kivinjari kwa anwani ya localhost:1313, na bando huligusi mpaka wakati wa kupandisha blogu mtandaoni. Jekyll, programu nyingine ya aina hii, nayo ni nzuri, ila inataka kwanza lugha ya Ruby na maktaba zake, na zote hizo zinavutwa mtandaoni.

Kinachonasa wengi ni saa. Tarehe isiyotaja ukanda wa saa Hugo huihesabu kuwa ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na makala yenye muda wa mbele haiijengi. Andika kwa mkono 2025-03-04T09:00:00, yaani saa tatu asubuhi, na makala yako ya Mapango ya Amboni haitatoka mpaka ujenge tena baada ya saa sita mchana. Ujumbe wa kosa hauuoni, ndiyo maana watu huhangaika. Dawa ni mstari mmoja juu ya hugo.toml, faili la mipangilio: `timeZone = 'Africa/Dar_es_Salaam'`.

Humo humo badilisha baseURL, yaani anwani ya blogu yako. Ukiiacha ya example.org, ukurasa unaweza kufunguka bila rangi wala mpangilio. Miezi ikitoka kwa Kiingereza, weka `defaultContentLanguage = 'sw'`, kisha kwenye mandhari tafuta `.Date.Format` uweke `time.Format ":date_long" .Date` badala yake.

Picha ndizo zinazokula bando, la kwako na la msomaji. Ziweke folda moja na index.md (faili la makala), uzipunguze kwenye mandhari kwa `.Resize "800x q75"`. Lakini angalia: picha asilia, zile za simu za MB 4, nazo hunakiliwa kwenye public, folda ya blogu iliyokwisha kujengwa. Zizuie kwa `publishResources = false` chini ya `[build]` kwenye kichwa cha makala (mistari ya mipangilio juu ya index.md), upandishe folda ya public peke yake. Folda ya resources usiifute, maana ndimo zinamohifadhiwa zilizopunguzwa. Ukiifuta, Hugo inaanza kuzichakata upya. Public yenyewe ifute kabla ya kila ujenzi, la sivyo makala uliyoiondoa itaendelea kusomwa.

GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, inapokea tovuti ya hadi GB 1 bure, na blogu ya maandishi haifiki huko. Anayeandikia kwenye simu tu, bila kompyuta, namshauri abaki na WordPress.