Kopo la stripu 100 za mkojo: maoni ya mama wa mtoto mwenye nefrotiki

Kopo ninalolizungumzia ni lile la stripu za mkojo za vipimo kumi, stripu 100 ndani, ambalo utalikuta kwenye maabara nyingi za mtaani. Ni vijiti vyembamba vya plastiki vyenye vibandiko vya rangi rangi. Unachovya kwenye mkojo, unasubiri kidogo, halafu unalinganisha na chati iliyochapwa ubavuni mwa kopo. Mimi nalinunua kwa kazi moja tu, kumpima mwanangu protini asubuhi. Ana miaka sita na ana ugonjwa wa figo unaoitwa nefrotiki. Kwa kazi hiyo naipa bidhaa hii nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaieleza huko mbele.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu: kila figo ina vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja, madaktari wanaviita glomeruli. Kila kimoja ni kifundo cha vimishipa vya damu. Maji na taka vinapita, protini na chembe za damu zinatakiwa zibaki. Kwa mwanangu vichujio vinalegea, na protini iitwayo albumini inavuja kwenda kwenye mkojo. Albumini ndiyo inayoyashika maji ndani ya mishipa, kwa hiyo ikipungua kwenye damu, maji yanatoka na kujaa chini ya ngozi. Mtoto anaamka macho yamevimba, ikifika jioni uvimbe umeshuka miguuni, na mkojo unatoa povu kama umetiwa sabuni. Hapa kwetu Mbagala watu walisema aleji, wengine wakasema safura. Jirani yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniambia mtoto hali vizuri, nimpe mayai. Hakusema la ajabu, maana utapiamlo wa kwashakoo nao unavimbisha. Tofauti ni kwamba kule protini haiingii ya kutosha, huku inaingia halafu inamwagika. Mayai mengi hayazibi tundu. Kliniki walinihimiza zaidi nipunguze chumvi.

Sasa kwa nini stripu? Kwa sababu uvimbe ni habari iliyochelewa. Protini huanza kuonekana kwenye mkojo siku kadhaa kabla uso haujavimba. Kanuni tuliyopewa ni hii: ikisoma alama tatu za kujumlisha au zaidi kwa siku tatu mfululizo, ugonjwa umerudi. Ikisoma hakuna, au kile kidokezo kidogo cha mwanzo, siku tatu mfululizo, umetulia. Bila stripu mzazi anangoja mpaka tumbo lijae maji, na mtoto aliyefika huko yuko kwenye hatari ya kweli. Bakteria wanaweza kushambulia yale maji ya tumboni, na damu yake inaganda kwa urahisi kuliko kawaida. Nikiwa na kopo nyumbani, siku ya tatu napiga simu kliniki, wananiambia dozi ya prednisoloni, dawa ya kuutuliza ugonjwa huu, tunaanza mtoto akiwa bado anacheza mpira uani.

Daktari alinieleza kwamba watoto wengi wa umri wake wana aina ambayo vichujio vikiangaliwa kwa darubini ya kawaida vinaonekana karibu sawa na vya mtu mwenye afya. Kasoro inaonekana kwa darubini ya elektroni tu. Wengi wao wanaitikia prednisoloni ndani ya wiki nne. Shida ni kwamba ugonjwa una tabia ya kurudi, na mara nyingi unarudi nyuma ya mafua. Ndiyo maana mtu akipiga chafya humu ndani, mkono wangu unakwenda kwenye kopo.

Jinsi ya kusoma ndipo penye uzito. Kibandiko cha protini kikiwa safi kina rangi ya njano. Protini ikiwepo kinageuka kijani hafifu, kisha kijani, na ikizidi sana kinaelekea kijani cha bluu. Mimi ni fundi cherehani, na mchana kutwa kazi yangu ni kuoanisha uzi na kitambaa. Uzi ulioupatanisha chini ya taa ya njano ukiutoa nje unakusaliti. Na stripu ni vivyo hivyo: isomee mlangoni au dirishani kwenye mwanga wa jua, si chini ya balbu, wala usiisomee kwa tochi ya simu alfajiri. Kati ya alama moja na mbili tofauti ya kijani ni ndogo, na taa mbaya inakupandisha ngazi nzima. Hapo ndipo mzazi anapolia bure au anapotulia bure.

Muda nao ni sheria. Kwenye kopo langu protini inasomwa baada ya sekunde 60. Kile kibandiko cha chembe nyeupe za damu kinangoja dakika mbili. Ukiiacha stripu juu ya sinki ukaenda kuchemsha chai, rangi utakayoikuta haina maana yoyote. Naweka saa ya simu. Nachovya na kutoa mara moja, nauburuza ukingo wa stripu kwenye mdomo wa kikombe ili mkojo uliozidi udondoke, halafu naishika ikiwa imelala, kwa sababu ukiisimamisha rangi ya kibandiko kimoja inatiririkia kingine.

Mkojo wenyewe uwe ule wa kwanza wa asubuhi. Mtoto akishakunywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi na protini inaweza kujificha. Na kinyume chake kipo: siku ana homa, au jana yake amekimbia sana, protini kidogo inaweza kuonekana bila ugonjwa kurudi. Kwa hiyo siku moja ya kijani haitoshi kumfanya mtu akimbilie dawa. Siku tatu, zilizoandikwa. Nina daftari la kawaida la shule, nimelichora mistari: tarehe, protini, uzito, dawa, na nafasi ya maneno kama "mafua" au "anaharisha". Daktari akilifungua, mazungumzo yetu yanakuwa mafupi na yenye maana.

Nyota niliyoizuia inahusu hifadhi na wingi. Karatasi ya ndani inasema joto lisizidi nyuzi 30, kopo lifungwe muda wote, lisiwekwe kwenye friji. Aliyewahi kulala chini ya bati Dar es Salaam mwezi wa pili anajua nyuzi 30 ni maneno tu. Langu linakaa ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitanda, upande wa ukuta usiopigwa na jua. Kamwe si bafuni, ingawa ndiko kazi inakofanyika, kwa sababu mvuke unaviharibu vibandiko. Ile dawa ya kunyonya unyevu iliyomo koponi isitupwe, na stripu zisihamishiwe kwenye mfuko wala chupa nyingine. Halafu kopo likishafunguliwa, muda wake wa kutumika si tena ule uliochapwa kwa nje. Watengenezaji wengine wanatoa miezi mitatu, wengine zaidi, kwa hiyo soma karatasi ya kopo lako na uandike tarehe ya kulifungua kwa kalamu ya wino mzito. Ugonjwa ukiwa umetulia na daktari amepunguza siku za kupima, stripu 100 haziishi kabla ya muda huo. Unatupa zilizobaki. Kwa mtu anayehesabu fedha za uzi, hilo linauma. Niliwaza kuzikata kati kwa urefu, mkasi ninao, lakini dada wa maabara alinikataza: kingo zilizokatwa zinachuruzisha rangi.

Lipo kopo jingine lenye vibandiko viwili tu, protini na sukari. Kwa mzazi wa mtoto wa nefrotiki hilo lingefaa kuliko hili. Lina machache ya kuchanganya macho, na kibandiko cha sukari kina kazi yake, kwa sababu prednisoloni kwa muda mrefu inaweza kupandisha sukari. Tatizo ni kulipata. Maduka ya vifaa tiba ya Kariakoo niliyozunguka yalikuwa na la vipimo kumi, la viwili hawana. Ningefurahi sana wenye maduka wakilileta, tena katika makopo ya stripu 50.

Na hivi vibandiko vingine vinane si bure kabisa. Kile cha damu kilitusaidia kwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa na vidonda vya ngozi vilivyokauka wiki chache nyuma, kisha akaanza kukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi na uso ukavimba kidogo. Stripu ilionyesha damu nyingi. Hiyo ni shida nyingine ya vichujio hivyo hivyo, inayofuata maambukizi ya koo au ngozi. Kliniki walimpima presha kabla ya kitu kingine chochote, ikakutwa juu, akalazwa, akapona, kama wanavyopona watoto wengi wa ugonjwa huo. Stripu haipimi presha. Haipimi pia kreatinini, ile taka inayopimwa kwenye damu, kwa hiyo haikwambii figo zinafanya kazi kiasi gani. Inakwambia kichujio kinavuja au hakivuji, basi. Mtoto mwenye tumbo linalouma na homa apelekwe hospitali hata kama stripu ni njano tupu.

Muuguzi mmoja wa siku nyingi alinifundisha njia ya zamani kwa siku ambazo stripu zimekwisha. Mkojo kidogo kwenye kichupa cha kioo cha maabara, unaupasha moto sehemu yake ya juu, ukiwa na ukungu mweupe unadondoshea matone ya siki. Ukungu ukibaki ni protini, ukiyeyuka ni chumvi za kawaida za mkojo. Daktari aliposikia alitabasamu, akasema Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, aliyeandika juu ya magonjwa haya mwaka 1827, alipasha mkojo kwenye kijiko juu ya mshumaa. Inafanya kazi, lakini haikupi ngazi za kueleweka, na mimi sipendi moto na mtoto anayezunguka karibu.

Stripu za kununua moja moja zilizofungwa kwenye karatasi au mfuko wa nailoni, achana nazo hata kama ni za bei ya karanga. Zimekwishavuta unyevu. Duka moja, si hili ninalonunua sasa, liliniuzia kopo ambalo karatasi ya chini ya kifuniko ilikuwa imeshatobolewa, na nilipolirudisha muuzaji akaniambia, "Mama, zote ziko hivyo." Hazipo hivyo. Ninakonunua sasa, kwa bei isiyofika shilingi elfu ishirini, kijana wa kaunta analitoa kopo, anasubiri nisome tarehe, na hakunji uso.

Kwa hiyo ukienda, fungua kifuniko hapo hapo mbele ya muuzaji. Angalia karatasi ya ndani ni nzima, halafu ukikaribia kulipa utoe stripu moja uweke kibandiko cha protini kando ya rangi ya kwanza ya chati. Kiwe njano ile ile. Kikiwa kimeshaanza ukijani kabla hakijagusa mkojo, mrudishie.