Nyenzo huria zenye kufuli: uzoefu wangu na tovuti moja ya walimu

Faili la bure lililofungwa kwa nywila. Nani aliwaza hivi?

Jina la tovuti sitalitaja. Walimu wa Dodoma wanaorushiana viungo vyake kwenye makundi ya WhatsApp wataijua, maana inajiita hazina ya nyenzo huria za kufundishia. Nilihitaji mada moja tu ya jiografia, mmomonyoko wa udongo, nitoe mifano ya Marekani niweke makorongo ya Kondoa na mradi wa kuhifadhi udongo wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973. Faili likashuka haraka, tena jepesi. Kulifungua: linasomeka, ila bila nywila hunakili hata sentensi moja. Kila ukurasa una chapa ya tovuti, imekatiza juu ya michoro, na jina la mwandishi halipo popote.

Nikawauliza huduma kwa wateja. Jibu: "Mwalimu, umepewa bure, unataka na ya kuhariri?"

Ndiyo, nataka! Kusoma bure hata tangazo la ukutani linasomwa bure. Nyenzo huria ni ile unayoruhusiwa kuitunza, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine na kuigawa.

Na kazi yenyewe wala si yao. Chagua sentensi ndefu isiyo ya kawaida ndani ya faili, iandike kwa mkono kwenye Google ndani ya alama za kunukuu, chanzo kitajitokeza. Hili lilikuwa na leseni ya Creative Commons, CC BY 4.0, inayoruhusu kazi kutumiwa na kubadilishwa, na faili la kuhariri lipo palepale. Leseni hiyo inadai mwandishi atajwe, na inakataza kufunga kazi kwa njia ya kiteknolojia inayowanyima wengine haki zilezile. Wamekiuka yote mawili, kisha wakabandika leseni nyingine, BY-NC-ND: NC ni marufuku kufanyia biashara, ND ni marufuku kugawa iliyobadilishwa. Hiyo ND ndiyo mwiba: tafsiri nayo huhesabiwa ni badiliko, kwa hiyo kuigeuza kwa Kiswahili na kuwagawia wenzako hairuhusiwi. Mwalimu mwaminifu angeiona alama hiyo akaiacha kazi ambayo mwandishi wake ameshaiachia huru.

Ukikutana na faili kama hili, usihangaike kulifungua na kuligeuza kuwa Word. Kila mstari utakuwa kisanduku chake, majedwali yatavunjika, kanuni za hesabu zitageuka picha. Tafuta faili la kuhariri (docx, odt au HTML) kwenye chanzo. Picha zikague kivyake, kwa sababu maandishi yanaweza kuwa BY huku picha imeazimwa kwa masharti mengine, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini yake au ukurasa wa mwisho. Maandishi ya BY-SA usiyaunganishe na ya BY-NC-SA kutengeneza kazi moja mpya: kila moja inataka kazi hiyo ibebe leseni yake, na huwezi kuziridhisha zote mbili. Ukimaliza, andika chini ya ukurasa wa kwanza jina la kazi, mwandishi, kiungo, leseni na ulichobadilisha, kwa mfano "mifano ya Marekani imeondolewa, ya Kondoa imeongezwa". Na kabla ya kwenda steshenari: kurasa mbili za A4 kwenye karatasi moja hupungua hadi asilimia 71, herufi za 12 zinabaki kama 8.5. Andaa kwa 14.

Haki yao niwape, utafutaji wao ni mzuri mno. Mada zimepangwa kwa kidato, ukurasa unafunguka hata mtandao ukisuasua, na mwalimu wa Bahi au Mpwapwa mwenye bando dogo hatapoteza kitu. Kama katalogi ningewapa hata nyota nne: chukua kichwa cha somo, kimbilia chanzo. Ila majaribio ya fizikia ya kwenye kompyuta yafuate tovuti ya PhET moja kwa moja, yanapakuliwa na kutumika bila intaneti. Hadithi za watoto zipo African Storybook na StoryWeaver. Nyenzo za mafunzo ya ualimu zipo TESSA. Huko hakuna dalali.

Nilitaka kufunga kwa nyota tatu. Nikawatumia kiungo cha chanzo na jina la mwandishi, walibandike tu, kazi ya dakika chache. Tiki mbili za bluu, kimya. Basi nyota moja inawatosha, na hiyo ni ya utafutaji.