Miezi mitatu na Robot Wars: uzoefu wangu kama mzazi

Wazazi wenzangu, hii kitu nimekaa nayo miezi mitatu sasa, kila jumamosi jioni na wanangu wawili, wa kiume ana miaka 10 na wa kike ana 7, kwa hiyo naona nina la kusema. Kwanza nikiri siku ya kwanza nilitaka kuzima. Jina lenyewe vita, halafu unawasha tu unakuta msumeno unakata bati, cheche zinaruka, watu wanashangilia, nikajiuliza hivi kweli nawaonyesha watoto nini. Nikasema ngoja niangalie kipindi kimoja mpaka mwisho ndo niamue. Tukaangalia viwili. Kesho yake tukaangalia vinne.

Kwa asiyejua, Robot Wars ni kipindi cha Uingereza, kilianza BBC Two mwaka 1998, baadaye 2003 kikahamia Channel 5, kikapotea miaka mingi, kikafufuliwa 2016 na 2018 BBC wakatangaza hakiendelei tena. Vipindi vya zamani vipo mtandaoni, ndivyo tulivyoangalia sisi. Mashindano ni hivi, watu wanatengeneza roboti yao nyumbani, wanaileta ulingoni, wanaiendesha kwa rimoti wakiwa wamesimama nje ya kioo kizito kisichopasuka kirahisi, zinazichapa mpaka moja isimame. Ukishindwa kutembea unahesabiwa sekunde 10 umetoka, ukitumbukizwa kwenye shimo umetoka, ukirushwa nje ya uzio umetoka, na muda ukiisha wote mko hai majaji wanaamua. Watoto walielewa sheria zote ndani ya dakika tano bila mimi kueleza, na hii nadhani ndo siri ya kwanza ya kipindi, huhitaji kujua chochote ili uanze kushangilia.

Pembeni kuna yale madude ya wenyeji, wenyewe wanayaita House Robots, yanakaa kwenye kona na ukikosea kuingia kwenye kona yao wanakushughulikia. Sir Killalot ndo mkubwa wao, ana mkuki na mkono wa kukamata, ana uzito wa zaidi ya kilo 500 wakati roboti za washindani mwanzoni hazikufika hata kilo 80, zikapandishwa mpaka 100 na kwenye zile za 2016 zikafika 110. Binti yangu alimwogopa Sir Killalot wiki mbili nzima. Sasa hivi anamchora.

Mtangazaji wa mapambano ni Jonathan Pearce, yule mtangazaji wa mpira wa Uingereza, na kweli anatangaza kama mpira, sauti inapanda, inakatika, inapanda tena, utadhani ni dakika za lala salama na timu yake iko nyuma bao moja. Wanangu kingereza chao bado cha shule lakini sauti ile hawahitaji mkalimani.

Sasa kilichonigeuza mimi. Kuna msimu wa tatu, pale ndipo inapoingia roboti inaitwa Hypno-Disc, ni kama sanduku lina diski zito la chuma linazunguka mbele. Pambano lake la kwanza ni na Robogeddon. Diski ikapata kasi, ikagusa, kipande kikaruka. Ikagusa tena, kipande kingine. Hadi inaisha Robogeddon ilikuwa imetawanyika sakafuni vipande vipande. Mwanangu akakaa kimya, halafu hakuuliza nani kashinda, akauliza "baba, kwanini imegusa tu kidogo lakini imepasua hivyo?" Nikasimamisha video. Tukachukua karatasi. Nikamweleza kwamba lile diski kabla ya kugusa limekaa muda mrefu linakusanya nguvu, kama pia unavyoizungusha, na nguvu hiyo haiongezeki sawa na kasi, ukizidisha kasi mara mbili nguvu inakuwa mara nne, ukizidisha mara tatu inakuwa mara tisa, halafu yote inatoka kwa mpigo mmoja. Nimefundishwa hiyo darasani nikaikariri nikafaulu nikaisahau, sikuwahi kuiona. Mtoto wa miaka 10 kaiona kwa macho yake jumamosi jioni akiwa amelala kifudifudi kwenye zulia.

Toka hapo tukawa tunaangalia kwa namna nyingine. Chaos 2 mfano, bingwa wa msimu wa tatu na wa nne, huyo ndo aliyekuja kuichapa Hypno-Disc fainali, silaha yake ni bamba la mbele linaloinuka kwa nguvu ya gesi iliyoshindiliwa kwenye mtungi, anaingia chini yako anakupiga mtama unaenda juu. Ndiye wa kwanza kumrusha mpinzani nje kabisa ya ulingo, aliyerushwa anaitwa Vercingetorix, tulirudia kile kipande mara sita. Lakini mtungi una mwisho, kila ukirusha gesi inapungua, kwahiyo mwanangu akaanza kuhesabu kwa vidole kila roboti za aina hiyo zinaporusha, anasema "huyu kabakiza chache, angoje tu". Hakuna aliyemfundisha. Na Panic Attack alivyochukua ubingwa msimu wa pili mbele ya Cassius, fainali iliishia shimoni, Cassius ndo ilitumbukia, wakati Cassius hiyohiyo ndo roboti iliyowashangaza watu msimu ule kwa kupinduliwa chali halafu kujiinua yenyewe kwa mkono wake. Kabla ya hapo ukipinduliwa ni kobe tu, umeisha. Baada ya hapo kila mtu akaanza kutengeneza namna ya kujiinua, na ukiangalia misimu kwa mpangilio unaona kabisa wazo moja la mtu mmoja linavyobadilisha roboti za wenzie wote. Ndo maana nawashauri msiruke ruke, fuateni mpangilio.

Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote hakipo ulingoni, kipo gereji. Kati ya pambano na pambano kamera inaenda kule nyuma kwenye meza za mafundi. Unakuta mtu mzima ameshika spana, mkono mweusi kwa grisi, roboti aliyoitengeneza miezi na miezi imepinda kama kopo lililokanyagwa, cheni imetoka, waya umeungua, na ana muda mfupi tu irudi ulingoni. Na timu iliyokuwa inamponda saa ile imekuja kumpa betri. Au bolti. Hii hutokea sana, sio mara moja. Watoto wangu wamezoea mashujaa wa katuni wanaoshinda tu, hawajawahi kuona mtu mzima anashindwa mbele ya maelfu ya watu, anacheka, anampa mkono aliyemvunjia, anaanza kufungua skrubu. Nampenda sana Behemoth kwa hilo. Alianza miaka ya 90 na kwenye misimu ya 2016 na 2017 bado yupo, bakuli lake la mbele kama la greda, ubingwa hajawahi kuchukua, na bado anarudi. Binti yangu yeye ni Diotoir, roboti wa Ireland aliyevaa manyoya ya madoadoa, ambaye kila akiingia lazima awashwe moto manyoya yaungue, na msimu ujao anarudi na manyoya mapya. Alilia mara ya kwanza. Mara ya pili akasema "watamshonea mengine".

Kasoro yangu kubwa ndo hiyohiyo, gereji wanaipa muda mdogo mno. Wanakuonyesha roboti imevunjika, halafu inarudi imepona, katikati hujui walifanya nini. Mtoto anabaki anauliza walifungaje, walibadilisha mota au walichomelea, na jibu hamna. Misimu ya 2016 na kuendelea imejitahidi kidogo, picha ni safi na mwendo taratibu wa mipigo mikubwa umenoga sana, unaona kabisa bamba la chuma linavyopinda, lakini nako mahojiano yamekuwa mengi, binti yangu wa miaka 7 pale ndo anapoinuka kwenda kucheza. Na zile za mwanzo kabisa, 1998, nyingi ni roboti zinazogongana taratibu au zinazima zenyewe, mkianzia hapo watoto watachoka. Anzeni msimu wa tatu, wakishanogewa warudisheni mwanzo, hapo ndo mfuate ule mpangilio niliosema.

Kuna na toleo la watoto kabisa, lilitengenezwa kwa ajili ya Nickelodeon, televisheni ya watoto ya Marekani, mwaka 2002, humo watoto ndo wanashika rimoti. Wanangu waliruka kwa furaha kuona mtoto wa rika lao anaendesha dude zito vile. Mimi nililipenda kwa sababu hiyo moja, mengine yote ni yaleyale na vipindi havikuwa vingi, tukamaliza mapema tukarudi kwa wakubwa.

Sasa jiandaeni, kwasababu mtoto akiangalia hii lazima atataka kutengeneza. Wangu walichukua gari za rimoti za kuchezea, wakavua maboksi, wakaanza kuunda. Kaka mtu akatengeneza kabari mbele kwa plastiki ya dumu, akaisugua mpaka ikalala chini kabisa, akajua ameshamaliza kazi. Raundi ya kwanza ikakwama kwenye ukingo wa zulia hata kabla haijamfikia dada yake. Akainyanyua kidogo, unene wa sarafu moja hivi, ikapita vizuri kwenye zulia, lakini sasa boksi la dada mtu likawa linaingia chini ya kabari badala ya yeye kuingia chini ya boksi. Alikaa na hilo tatizo siku tatu. Mwishowe akafunga kabari kwa bawaba, ikawa inalegea inafuata sakafu yenyewe, ikifika kwenye ukingo inapanda. Nikamwonyesha roboti za kwenye kipindi, kuna wanaofanya hivyohivyo. Uso wake ule sitausahau.

Jambo la tahadhari, na naomba mlisome hili. Betri ya moja ya zile gari tuliiacha kwenye chaji tukaenda kula, narudi naishika imepata moto kama kikombe cha chai, imeanza kuvimba. Nikaitoa nje haraka. Baadaye ndo nikajifunza kwamba wanaoshindana na roboti hizi wana sheria kali za betri za lithiamu, zinachajiwa ndani ya mfuko usioshika moto, mtu yupo pale anaangalia, na roboti yenyewe haiwashwi mpaka iwe ndani ya ulingo umefungwa, kuna kiunganishi maalum unachomoa roboti inakufa yote. Sasa kwetu ni sheria ya nyumba, chaji ni mtu mzima akiwepo, na silaha za kuzunguka hakuna, ni kusukumana na kupinduana tu. Kama mtoto wako anaendelea kupenda, ujue kuna daraja la roboti ndogo sana, Uingereza zinaitwa antweight, mwisho gramu 150, zinapigana kwenye boksi la kioo juu ya meza. Ndo tunalolilenga sisi.

Kuhusu ukatili, maana ndo swali nililoanza nalo. Kwa wangu sijaona wakipigana zaidi. Nilichoona ni ubishi. Mfano fainali ya msimu wa sita, Razer na Tornado. Razer ana mdomo kama wa ndege unaoshuka kwa nguvu za haidroliki na kutoboa chuma, bingwa wa msimu wa tano, ukimtazama unasema huyu hakuna wa kumgusa. Tornado ni boksi tu lenye mota kali za kusukuma. Basi timu ya Tornado wakaja wamemfungia fremu kubwa ya vyuma kumzunguka, ili mdomo wa Razer usifike mwilini. Fremu imepita kwenye sheria, uzito umekubali, na Tornado akashinda. Uingereza kwenyewe walibishana sana. Kwetu mwana anasema ni akili, wamesoma adui wakajipanga, sheria haijakataza. Binti anasema hapana, umekuja kupigana au umekuja kujificha ndani ya uzio. Niliulizwa mimi niamue nikasema Tornado ameshinda halali, na nimenuniwa na binti yangu mpaka kulala.

Nyota nne kati ya tano kutoka kwangu, ile moja nimeibakiza kwa ajili ya gereji. Jumamosi hii tunaanza msimu wa saba, na binti ameshasema haangalii mpaka Tornado na Razer irudiwe tena, ahesabu mwenyewe Razer aliligusa boksi mara ngapi.