ThinkPad T450: bado nipo nayo

Nina steshenari Moshi, jirani na stendi. Laptopu yangu ni ThinkPad T450, toleo la 2015. Herufi A imeshafutika kwa kuchapa barua za watu. Ilikuwa inawaka polepole, chai inachemka ikiwa bado. Nikaenda kuulizia mpya. Muuzaji kutaja bei tu, nikamwambia asante kaka, ngoja nizunguke kwanza. Nikaipeleka hii kwa fundi, akang'oa hadi diski, akaweka SSD, yaani diski yenye kasi zaidi, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16. Sasa inawaka kabla sijavuta kiti! Betri ndiyo hivyo tena, umeme ukikatika nina dakika 20. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, hii ni ya 5, basi nimehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Mpya labda mwakani, nikishalipa ada.